Ushauri: roboti ya wanafunzi inausukuma mpira badala ya kuumeza

Mlezi_Klabu
Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Ninalea klabu ya roboti ya wanafunzi wa sekondari hapa Morogoro, na mwaka huu tumejipa zoezi la kujenga roboti kwa kanuni za DECODE, mchezo wa msimu wa 2025–2026 wa FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti za wanafunzi yanayoandaliwa na shirika la FIRST. Mipira yake ni ya plastiki yenye matundu, kipenyo chake inchi 5, yaani milimita 127, na roboti hairuhusiwi kubeba zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja.

Mbele ya roboti tumefunga rola ya kuvutia mpira ndani, ya bomba la PVC la kipenyo cha milimita 48, iliyovikwa sponji nyembamba, na upande wake wa chini uko milimita 120 kutoka sakafuni ili ubane mpira kwa milimita 7. Roboti ikiwa imesimama, na mwanafunzi akausogeza mpira kwa mkono taratibu, mara nyingine unaingia. Roboti ikitembea, mpira unakimbia mbele yake hadi ukutani. Na hata ule unaonaswa, pua ya roboti huinuka kwanza ndipo mpira upite. Magurudumu yana kipenyo cha milimita 96, na mota zote, za magurudumu na ya rola, ni za mizunguko 312 kwa dakika. Wanafunzi wanataka tuongeze mota ya pili kwenye rola. Mimi nasita.

FundiGia
Mwalimu, una haki ya kusita. Rola ina nusu ya kipenyo cha gurudumu na inazunguka kwa kasi ileile, kwa hiyo uso wake unakwenda nusu ya mwendo wa roboti: mita 0.78 kwa sekunde dhidi ya mita 1.57. Kabla rola haijaushika mpira, roboti imekwisha kuupiga teke. Mota ya pili itaongeza nguvu, na tatizo lenu si nguvu. Wekeni mota ya mizunguko 1150, uso wa rola ufikie karibu mita 2.9 kwa sekunde.

BiMekanika
Naafiki hesabu ya FundiGia, lakini dawa yake imetangulia ugonjwa. Swali la kwanza ni hili: mpira na rola vinapokutana, nani anabonyea? Mwaka 2020 mashindano makubwa ya FIRST yalitumia mipira ya sponji ya inchi 7, ambayo yenyewe ilikubali kubanwa. Huu wa plastiki haubonyei vya kutosha, bomba lenu halibonyei, na sponji nyembamba huisha kubanwa mara moja. Kilichobaki kukubali ni roboti nzima, ndiyo maana pua inainuka. Gurudumu la mbele likiinuka, hata uendeshaji unaharibika.

Pandisheni bomba hadi upande wake wa chini uwe milimita 140 kutoka sakafuni, ili lipite juu ya mpira bila kuugusa. Kisha kateni vipande vya tyubu ya baiskeli, au mpira wa manati mkiupata, vichomoze milimita 35 kutoka kwenye bomba. Ncha zake zitaushukia mpira kwa zaidi ya milimita 20, na zitapinda badala ya kuipandisha roboti. Msivipange kwenye mstari mmoja. Vizungusheni kama uzi wa skrubu, ili kila wakati pawe na kipande kinachogusa mpira.

Sasa angalieni jambo ambalo wengi hulisahau. Vipande hivyo vinaikuza rola hadi milimita 118 kutoka ncha hadi ncha, na kwa mota ileile ya 312 ncha zinakwenda mita 1.9 kwa sekunde, ingawa zikipinda hupungua kidogo. Mkiweka ile ya 1150 juu ya vipande, mtapata mita 7, na mpira utachapwa badala ya kuokotwa. Ikibidi kuongeza, ya 435 inatosha.

FundiGia
Dada, hapo umenikamata. Nilihesabu bomba tupu.

Mlezi_Klabu
Nashukuruni sana. Jumamosi tulifunga vipande kumi na viwili vya tyubu, mota hatukuigusa, na mpira mmoja mmoja unaingia roboti ikiwa mbioni. Lakini mipira miwili ikifika pamoja inakwama. Mdomo una upana wa milimita 300, njia ya ndani 140, na kuta mbili za kuelekeza zimeinama sawasawa.

BiMekanika
Usawa huo ndio unaowakwamisha. Mipira miwili inafika kooni kwa wakati mmoja, kila mmoja unaegemea ukuta wake na mwenzake, kama mahindi yanavyogoma kwenye mdomo wa mashine ya kusaga. Nyoosheni ukuta mmoja kabisa na mwingine uinamisheni peke yake, ili mpira mmoja utangulie. Vipande vya upande ulionyooka vifanyeni virefu kidogo, viukamate wa kwanza mapema.

Kijana_wa_Kodi
Nyongeza upande wa programu: mota ikikwama inaweza kuvuta ampea 9 hivi, na fyuzi ya betri ni ya 20 tu, huku magurudumu nayo yanavuta. Kidhibiti kinaweza kusoma mkondo wa umeme wa mota hiyo. Ukipanda na kubaki juu, agizeni rola irudi nyuma kwa theluthi ya sekunde, kisha iendelee. Amri hiyohiyo itatumika kuutema mpira wa nne.