Mliofika Guangzhou: mtu anaweza kula chakula cha Wachina wenyewe, au ndio sembe na dagaa mpaka siku ya kurudi?

BintiMakorora
Asalam aleykum wana Tanga, habari za mchana. Mwenzenu inshallah mwezi wa 10 naenda Guangzhou mara ya kwanza, tunakwenda kundi la wanawake wa vyombo na mapazia, tunalenga yale maonyesho ya biashara ya Canton halafu tuzunguke madukani. Sasa kila ninayemuuliza habari ya kula jibu ni moja tu, beba sembe, beba dagaa, beba na sufuria ya umeme usonge hukohuko chumbani. Jamani mie nipande ndege usiku kucha nikajifungie hotelini na dagaa ambao hapa sokoni Deep Sea wamejaa tele? Mie mtu wa kula, hata nikienda Pangani msibani lazima nijue wenyeji wanapika nini (msinicheke). Nataka kuonja wanachokula wao, siyo pizza. Ila mambo mawili yananitia wasiwasi, la kwanza halali, maana nasikia nguruwe kila kona, la pili tumbo. Nipeni ukweli, asubuhi wanakunywa nini, mchana wanakula nini, na unaingiaje mahali ambapo hata herufi za ukutani huzisomi.

MzeeWaKontena
Waaleykum salaam binti yangu. Mimi ni katika hao wanaosema beba sembe na sirudi nyuma. Ule mji ni wa kazi, unaamka unakimbilia sokoni, unabishana bei, unahesabu katoni, jioni miguu imevimba. Tumbo likikuharibikia pale nani atakukagulia mzigo? Ejenti? Thubutu. Unga wako na mboga yako kavu mambo yamekwisha. Ila nyama usibebe, hata ya kupikwa, wala embe wala ndimu mbichi, forodha yao hairuhusu watakunyang'anya uwanjani. Ukichoka ugali nenda mtaa wa Xiaobei, kuna hoteli za Waarabu, Waturuki, na Waafrika wenzetu, utakula wali na mbuzi kama uko nyumbani. Hizo habari za kuonja onja waachie watalii.

tambi_za_moto
Mzee wangu shikamoo, kwa heshima zote hapo kwenye kuonja nakupinga 😂

Dada BintiMakorora hilo la halali ndilo linalokurahisishia, tena kuliko wenzio wasiojali. Kule kuna Wachina Waislamu wanaitwa Wahui, wako toka enzi na enzi, asili ya wengi ni kaskazini magharibi ya nchi lakini wamefungua vijihoteli vya tambi nchi nzima, Guangzhou hukosi kukutana navyo. Zinaitwa tambi za Lanzhou. Hapo unakula chakula cha Wachina kilichopikwa na Mchina kwa ajili ya Wachina wenzie, na ni halali. Unachotafuta ni herufi hizi mbili 清真, zihifadhi kwenye simu kama picha sasa hivi. Usitegemee neno halali kwa Kiarabu maana miaka ya karibuni sehemu nyingi wameyaondoa maandishi ya Kiarabu kwenye mabango, mtu anapita mlangoni kabisa anadhani hakuna kitu.

Ukiingia kaa karibu na jikoni uone kazi. Jamaa anachukua donge la ngano kama mkono wa mtoto, analipiga mezani paa, analivuta mpaka mikono inatanuka yote, analikunja, anavuta tena. Kila akikunja nyuzi zinazidi mara mbili, akikunja mara 7 tayari nyuzi 128, akiongeza moja 256, na hazikatiki wala hazigandani! Anazitupa kwenye maji yanayochemka, dakika haifiki bakuli liko mbele yako. Supu ni ya mifupa ya ng'ombe, angavu unaona mpaka chini, vipande vyembamba vya figili nyeupe, kotimiri, majani ya kitunguu saumu, na mafuta ya pilipili mekundu juu. Unaweza kuomba nyuzi nyembamba au pana kama mkanda, mwambie kwa ishara tu. Mezani kuna siki na pilipili ya ziada. Wenyeji wanatafuna na punje za kitunguu saumu kibichi, nami nilijaribu, ofisini kwa muuzaji siku ile nadhani alinipunguzia bei ili niondoke haraka. Bakuli moja ni yuan (pesa yao) kumi na kitu hivi mpaka ishirini.

Halafu kuna Wauyghur, Waislamu wengine wa huko magharibi, jimbo la Xinjiang. Wale ni ndugu zetu wa mdomo kabisa, wana mishkaki ya kondoo imejaa bizari nyembamba na pilipili, wana mkate wa tanuri, na wana pilau, pilau kweli la kondoo na karoti. Mtu wa Tanga hapo haulizi.

ShangaziChumbageni
Nimesoma kule, na hayo ya tambi ni kweli tupu, lakini jamani hicho ni chakula cha kaskazini. Mwenzetu anataka chakula cha wenyeji wa Guangzhou wenyewe, na hao ni Wakantoni, mapishi yao mbali kabisa. Hawana pilipili nyingi, wanapenda kitu kibichi kitoke majini kiende kwenye mvuke, tangawizi, majani ya kitunguu, soya kidogo, basi.

Asubuhi wana uji wa wali, mlaini punje zimeyeyuka zote, wanautia vipande vya samaki au yai. Kwa tumbo lenye wasiwasi hakuna kama huo, tatizo ni kwamba sufuria ya jirani ina uji wa nguruwe na kijiko ni kilekile, kwa hiyo uliza.

Kitu cha kuona ni chai ya asubuhi. Siyo chai yetu ya rangi na kitumbua unamaliza unakwenda zako, wale wazee wanakaa saa nzima na gazeti na wajukuu. Kwanza utashangaa wanamwaga chai ya moto kwenye vikombe na kusuuza vijiti na bakuli, yale maji wanayamwaga kwenye bakuli kubwa, usiyanywe. Mtu akikumiminia chai gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndio asante yao, hata kama unaongea na simu. Birika likiisha weka mfuniko upande, mhudumu anajua mwenyewe. Vitafunio vinakuja kwenye vikapu vya mianzi vinatoka mvuke, viwili vitatu kila kikapu.

Sasa ukweli mchungu. Vile vifurushi vya unga vya siu mai na mikate myeupe yenye nyama nyekundu ndani ni nguruwe. Hata kile cha kamba mara nyingi kimechanganywa na mafuta yake ili kilainike. Mboga za majani pia wanakaangia mafuta hayo, na samaki wa mvuke anaweza kunyunyiziwa pombe ya mchele. Kwa hiyo wale wanaosema "kula samaki tu umesalimika" wanakudanganya mwaya. Ningekuwa wewe ningetafuta hoteli za mboga za Wabudha, andika 素食 kwenye simu uonyeshe watu. Hawatii nyama wala mafuta ya mnyama, hata kitunguu saumu wengi hawatii. Baadhi wana chai ya asubuhi ileile na vikapu vilevile, ndani kuna uyoga na tofu, ile kama jibini ya soya. Utakunywa chai na wazee wa Kikantoni roho yako imetulia.

Na Ijumaa nenda ukasali Huaisheng, barabara ya Guangta, ni katika misikiti ya zamani kabisa China, wenyewe wanasimulia kaujenga sahaba Saad bin Abi Waqqas. Baada ya swala angalia waumini wanaelekea wapi kula, wafuate. Ramani ya kweli ndio hiyo, zile apu za Google hazifunguki ovyo kule, tafsiri pakua kabisa kabla ya safari.

BintiMakorora
Shangazi Mungu akuzidishie. Yaani hayo ya mafuta hakuna aliyewahi kuniambia, shoga yangu mmoja kala hivyo vikapu wiki nzima na picha katupia, namuonea huruma kumwambia 🙈 Je vijiti? Na samaki nikimpata pahala salama, analiwaje, wanashea au kila mtu na sahani yake?

nahodha_mstaafu
Wanashea, sahani zote katikati, meza inazunguka. Vijiti utazoea, ila usivisimike wima kwenye wali, wao hufanya hivyo kwa maiti.

Nililopenda mimi ni samaki. Anakuja mzima kwenye sahani, mnakula upande wa juu, mkifika mifupani mtu wa pwani ile hamgeuzi. Anauinua uti wa mgongo anautoa, mnaendelea na nyama ya chini. Wanasema ukimgeuza samaki umepindua chombo cha mtu baharini. Nimevua miaka mingi, kwetu sikulisikia hilo, lakini tangu siku ile sijamgeuza changu wala kolekole, mke wangu anadhani nimerogwa.

MzeeWaKontena
Haya, mkishindwa kunisikia kwenye sembe nisikieni kwenye hesabu. Hoteli za samaki wanawaweka hai kwenye matangi unachagua mwenyewe. Bei iliyoandikwa si ya kilo, ni ya jin, na jin ni nusu kilo. Watu wetu wanaona bei wanachekelea, wanaletewa bili mara mbili wanaanza ugomvi. Mwambie apime mbele yako kabla hajamuua. Hata sokoni bidhaa nyingine ni hivyohivyo, uliza jin au kilo. Na pesa taslimu usizitegemee sana, unganisha kadi yako ya benki kwenye Alipay, apu yao ya kulipia, ukiwa bado Tanga, kijihoteli cha tambi kinakutolea karatasi ya kuskani tu.

Unga lakini beba. Kilo mbili tu.

BintiMakorora
Hahaha nitabeba mzee wangu, kilo moja kwa ajili yako. Swali la mwisho, tunapitia Addis Ababa na tunalala pale, kuna cha kula?

ShangaziChumbageni
Kipo tele. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodox wanafunga nyama na maziwa, hoteli zinapika sinia la injera (mkate wao mpana laini kama chapati) na dengu, mboga za majani, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, omba hilo hata kama siku si hiyo. Nyama ya kule ina mabucha mawili, ya Waislamu na ya Wakristo, kila mtu na lake, kwa hiyo uliza kabla hujaagiza. Na injera ina uchachu, usile kwa papara usiku halafu asubuhi una ndege ya masaa kibao.

tambi_za_moto
Na kahawa ya Addis usinywe jioni, hulali. Picha ya tambi tunaidai humu.