Beji za Kisovieti za walenga shabaha: ipi ya miaka ya 1930, ipi ya baadaye?

Sanduku_Kla (Kampala)
Habari zenu wakubwa. Kuna mzee aliyesoma Moscow anauza beji tatu za shabaha kwa pamoja, Sh 300,000. Ya kwanza ni nzito, ina rangi ya kung'aa kama kioo, mtu anayelenga bunduki, bendera nyekundu na maneno ВОРОШИЛОВСКИЙ СТРЕЛОК. Nyuma ina skrubu na nati, na kutu ya kijani kidogo. Ya pili ina pini na herufi ДОСААФ. Ya tatu ni nyepesi sana, na nyuma imegongwa "Ц. 25 К." Nitajuaje umri wake na kama ni halisi? Na ile kutu niitoe kwa limau?

Afande_Mbarara
Ndugu, limau usiguse kwanza. Anza na herufi, maana ndizo zinazotoa tarehe.

Ya kwanza ni "Mlenga Shabaha wa Voroshilov", kwa jina la Kliment Voroshilov, aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa Usovieti. Ilianzishwa mwaka 1932 na Osoaviakhim, chama cha raia cha mafunzo ya ulinzi kilichoundwa 1927. Angalia kama imeandikwa ОСОАВИАХИМ, hiyo ni ya raia, au РККА, yaani Jeshi Jekundu. Kuanzia 1934 zilikuwa na ngazi mbili, na hapa wengi hupotea: ngazi ya II ndiyo ya juu, si ya chini. Ya I ilipatikana kwa bunduki ndogo ya milimita 5.6, ya II kwa bunduki ya kivita ya milimita 7.62. Muuzaji asiyejua hilo huuza II kwa bei ndogo. Vijana walikuwa na yao, yenye neno ЮНЫЙ.

Osoaviakhim ilivunjwa 1948, na DOSAAF, chama kilichochukua nafasi yake, ikaundwa 1951. Kwa hiyo beji yenye ДОСААФ haiwezi kuwa ya wakati wa vita, hata muuzaji aape vipi. Za wakati wa vita tafuta СНАЙПЕР, yaani mdunguzi, iliyoanzishwa kwa amri ya 21 Mei 1942.

Ya tatu: "Ц." ni bei, kopeki 25. Ni beji ya kuuzwa dukani kama ukumbusho. Aliyekuwa nayo hakuhitaji kufyatua hata risasi moja. Nzuri kuwa nayo, lakini isikupandishie bei ya kundi zima.

FundiVito_Jinja
Afande ameeleza historia vizuri. Mimi naongeza ya mkononi.

Enameli ya zamani ni kioo kilichochomwa kwenye tanuru. Pitisha ncha ya sindano taratibu pembeni: kioo hakichoreki, ila rangi ya plastiki huacha mstari. Kisha tumia kioo cha kukuzia mara 10. Beji iliyogongwa kwa muhuri ina kingo kali na uso uliobana. Ya kughushi iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama vya sindano na herufi zenye mabega ya mviringo. Bunduki na vidole vya mlengaji ndivyo vya kuangalia kwanza, kwa kuwa kalibu hushindwa hapo.

Msitegemee sumaku. Shaba ya njano haishiki, ila zinki ya kughushi haishiki vilevile. Na ukikuta pini ya kisasa inayoingia kwenye kikofia cha kubana, iache.

Sanduku_Kla
Asanteni sana. Nimeikagua tena. Sindano haikuchora, herufi zina kingo kali, na mbele kuna II. Ila skrubu ya nyuma inang'aa kuliko sehemu nyingine.

FundiVito_Jinja
Skrubu imebadilishwa. Shina lake hukatika kirahisi nati ikikazwa sana. Angalia mzunguko wa lehemu: ukiwa mpana, wa kijivu na umefurika, fundi wa mtaani ameipasha moto. Sasa geuza mbele utafute nyufa nyembamba za enameli mkabala na skrubu, maana joto la lehemu ndilo linalozileta. Beji inaweza kuwa halisi kabisa, ila si kamili tena, na bei lazima ishuke.

Nakato_Hifadhi
Kuhusu kutu, kaka: asidi ya limau na siki huingia chini ya enameli na kula shaba, halafu kioo kinabanduka miezi baadaye. Dawa ya meno hukwangua. Maji ya moto hupasua enameli kwa ghafla. Tumia kijiti laini cha mbao chini ya kioo cha kukuzia, ukiondoa unga wa kijani tu. Kisha brashi laini yenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha papo hapo, na acha ile rangi ya kahawia ya uzee ilivyo.

Kwa unyevu wetu wa karibu na ziwa, weka kila beji peke yake kwenye karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo lenye pakiti za kunyonya unyevu. Kama ile nyepesi ni alumini, usiigusanishe na ya shaba: zikishika unyevu pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Mifuko ya plastiki inayonata, yenye harufu kama ya raba mpya, usiitumie kabisa.

Afande_Mbarara
Ngazi ya II yenye skrubu ya kubadilishwa: mwambie mzee ukweli wote, ngazi na skrubu, kisha mpatane. Na muulize kama kuna kijitabu cha uthibitisho kilichotolewa na beji. Kikiwepo, kichukue kwanza.