Naomba ushauri: chengachenga kwenye picha za kundi jioni

Habari zenu wakuu. Napiga picha za familia ufukweni jua likishazama, watu kama 10 kwa safu mbili. Natumia kamera ya APS-C (yenye kihisi cha picha kidogo kiasi) na lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ni uwazi wa lenzi; ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa). Kwa f/5.6 na spidi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) inafika 6400 na chengachenga (vidoa vidogo vya kelele za picha) zinajaa nyusoni, hasa kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Nikizipunguza kwenye Lightroom (programu ya kuhariri picha) ngozi inakuwa kama plastiki, mikunjo ya bibi na babu inafutika, na hilo linaniuma sana. Nikifungua hadi f/1.8, safu ya nyuma inapoteza ukali.

Je, f/2.8 na spidi 1/100 vinatosha kwa safu mbili zilizosogezwa karibu? Au ninunue flashi kwanza, na kama ni moja tu, niiweke wapi?