Tunahamia Moodle Septemba: tuanze na kitivo kizima au kozi chache?

MratibuWaLazima (Kisumu)

Hamjambo wadau. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kupitia haya, si wa muuzaji.

Mimi ni mhadhiri wa kitivo cha elimu katika chuo kikuu kimoja huku Nyanza. Mwezi wa tano nilikosa kikao cha kitivo kwa sababu ya matanga, niliporudi nikakuta kumbukumbu zinasema nimeteuliwa kuwa mratibu wa masomo ya mtandaoni. Basi. Uongozi umeshaamua kwamba kuanzia muhula wa Septemba kozi zote ziwe kwenye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Seva ipo, nembo ya chuo imebandikwa, na wakubwa wameshapigwa picha wakibofya kitufe cha uzinduzi. Ndani ya mfumo wenyewe hamna kitu.

Hadi leo tunajiendesha kwa WhatsApp. Kila somo lina kundi lake na mwakilishi wa darasa ndiye bwana mkubwa. Noti humo, CAT (majaribio ya ndani ya muhula) humo, alama humo, na katikati michango ya harusi. Lawama ni nyingi lakini kundi halikosi watu: ukituma kitu saa moja jioni, ikifika saa mbili darasa zima limeshaona. Sasa nimwambie nini mhadhiri aliyebakiza miaka miwili astaafu ili aache kitu kinachomfaa?

Halafu wanafunzi wetu ni wa namna mbili. Wapo wa kila siku, wanaopanga vyumba hapa karibu na chuo, na wapo walimu walio kazini wanaokuja likizo za Aprili, Agosti na Desemba pekee. Hao miezi mingine wamo shuleni kwao: Ugenya, Budalang'i, Mbita, Lugari. Mfumo huu ungewafaa wao kuliko mtu yeyote, na ndio ninaowahofia zaidi.

Nimepewa fedha za mafunzo ya siku mbili kwa wahadhiri, chai na chakula cha mchana ndani. Mkuu wa kitivo anataka tuhamie sote kwa mpigo. Mimi naona tuanze na kozi tano au sita za wanaojitolea. Na hayo makundi ya WhatsApp, tuyafunge ama tuyaache?

FundiWaSeva (Njoro)

Mwalimu, pole kwa cheo.

Mimi niko upande wa mitambo, chuo kimoja Kaunti ya Nakuru, na kazi hii nimekuwa nayo tangu kabla vyuo havijafungwa Machi 2020. Hizo fedha za mafunzo zikalie kwanza. Nenda kwa msajili.

Mhadhiri asiyejua kubofya atasaidiwa na mwanafunzi wake. Balaa huja wiki ya kwanza, mwanafunzi anapojaribu kuingia akaambiwa hatambuliki, au akaingia na kukuta hayumo kwenye somo lolote. Atajaribu tena jioni. Akikuta mambo ni yale yale, hutamwona tena humo, na mhadhiri atarudi WhatsApp akiwa na sababu ya haki kabisa.

Chukua namba za usajili. Vyuo vyetu vingi huziandika kwa herufi kubwa na mikwaju, tuseme EDU/0417/2023. Moodle ikiwa katika hali yake ya kawaida haipokei mkwaju kwenye jina la kuingilia, wala herufi kubwa. Inapokea herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, mstari wa chini na alama ya @. Upo mpangilio wa kuruhusu alama nyingine, ila mimi siupendi. Mwanafunzi ataandika EDU/417/23, mwenzake aweke nafasi katikati, na kila mmoja ataapa ameandika sawa. Amueni sasa hivi kwamba jina la kuingilia ni edu-0417-2023, na namba kamili yenye mikwaju iwekwe kwenye uga wa namba ya utambulisho ili alama zikitoka zilingane na daftari la msajili. Andikeni uamuzi huo kwenye barua ya kujiunga na chuo, juu kabisa, kwa mfano mmoja.

Orodha ikitoka kwa msajili, usiifungue kwa Excel kisha ukaihifadhi hivi hivi. Sifuri ya mbele ya namba ya simu itamezwa. Na sisi watu wa huku tuna majina yenye ng': Ong'ayo, Nyang'au, Ang'ienda. Karani mmoja anatumia alama iliyonyooka, mwingine iliyopinda, na ukimtafuta mtu kwa jina humpati ilhali yumo. Chagueni alama moja, orodha nzima isafishwe kabla haijapakiwa.

Sasa lile zito, ambalo si la kompyuta. Orodha ya msajili mara nyingi ni ya waliolipa karo. Mkopo ukichelewa, nusu ya darasa inajisajili wiki ya tano au ya sita. Kwenye WhatsApp hilo halikuwa tatizo, kwa sababu mwakilishi wa darasa haulizi risiti. Kwenye mfumo, asiyesajiliwa hayumo, na noti za mwezi mzima zimempita. Peleka swali hili kwa uongozi kwa maandishi kabla ya Septemba: mwenye deni ataingia ama hataingia? Mimi ningewaingiza wote walio na namba, chuo kikazuia matokeo mwishoni kama kilivyozoea. Wakikataa, angalau lawama isije kwako.

Kuhusu wapi pa kuanzia, sikubaliani na mkuu wako wala na wewe. Ukichukua kozi sita za wanaojitolea, mwanafunzi mmoja atakuwa na somo moja kwenye Moodle na manne WhatsApp, na hilo moja atalisahau. Anza na mwaka wa kwanza, masomo yao yote. Hawana mazoea ya kuacha, wanaingia chuoni wakiamini hivi ndivyo chuo kilivyo. Wahadhiri wanaowafundisha ndio uwape hizo siku mbili, tena wakae na kozi zao halisi mbele yao, si slaidi za kuonyesha Moodle ni nini. Walimu wa likizo waingie Desemba wakiwa ana kwa ana nanyi, simu mkononi.

WhatsApp iacheni kwa matangazo: "noti za wiki ya tatu ziko tayari, ingieni." Alama zisipite humo tena. Karatasi yenye majina na alama za watu 200 ikitupwa kundini ni taarifa binafsi, na tunayo Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

TeacherWaBunyala

Mwalimu, mimi si wa chuo chenu ila ni wa namna hiyo uliyoitaja. Nafundisha shule ya msingi upande wa Port Victoria, shahada nasoma wakati wa likizo. Chuo chetu kilihamia mfumo kama huo, kwa hiyo acha niseme yanayotupata.

Simu yangu ina GB 32, na nyingi zimeliwa na picha za watoto. Nasoma usiku, madaftari yakishasahihishwa, stima ikiwepo. Bando nanunua la siku. Sasa tuna mhadhiri mmoja, mtu mzuri sana darasani, ambaye alichukua daftari lake la zamani lililogeuka manjano, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, akaunganisha picha zote kuwa faili moja. MB 86! Kidole gumba chake kinaonekana pembeni karibu kila ukurasa. Bando langu liliishia kwenye faili hiyo kabla haijamaliza kushuka, na ilipokatika haikuendelea pale ilipoishia, ilianza upya. Noti hizo hizo zingepigwa chapa zisingefika hata MB moja.

Mhadhiri mwingine anaweka video za saa nzima akizungumza mbele ya ukuta. Ukuta sina haja nao.

Kinachonisaidia ni ile programu ya simu ya Moodle. Jumamosi nikifika Busia mjini napata Wi-Fi kwa rafiki, napakua somo la wiki, nyumbani nasoma bila mtandao. Lakini hii naijua kwa sababu mwenzangu alinionyesha. Siku ya mafunzo sisi wanafunzi hatukuonyeshwa, tulipewa hotuba.

FundiWaSeva (Njoro)

Asante mwalimu, hilo la kidole gumba nitaliweka kwenye mafunzo yangu.

Mratibu, ongea na watu wenu wa TEHAMA kuhusu kikomo cha faili. PHP, ambayo ndiyo inayoendesha Moodle, ikija bila kuguswa huruhusu MB 2 tu kwa faili, kwa hiyo wahadhiri watalia kwamba hakuna kinachopanda. Ongezeni hadi 20, mkomee hapo. Mwenye picha za daftari akikwama atakuja ofisini kwako, na hapo ndipo utampata mtu wa kumpigia chapa. Na asiyetaka kuandika arekodi sauti peke yake. Saa nzima ya sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 14, na mazungumzo yanasikika vizuri kabisa.

NotiZangu (Kakamega)

Wenzangu mnazungumza mikwaju na kilobiti. Mimi nafundisha kwa mkataba wa muhula kwa muhula, nalipwa kwa saa nilizosimama darasani, na malipo yenyewe mnajua yanavyokuja. Kuandaa kozi nzima ya mtandaoni ni saa ngapi, na nani ameziweka kwenye hesabu? Swali la pili: muhula ujao nisipoitwa, noti zangu zinabaki mle ndani. Kunakili kozi kutoka muhula hadi muhula ni kubofya mara chache tu. Atachukuliwa kijana mwingine wa bei nafuu asome noti zangu. Kabla mratibu hajaniita kwenye chai yake, nataka karatasi yenye sahihi inayosema noti ni za nani.

Sipingi mfumo. Nimechoka kufanyia watu kazi ya bure.

MratibuWaLazima (Kisumu)

NotiZangu, umenigusa, maana robo tatu ya wanaofundisha mwaka wetu wa kwanza wako kwenye mkataba kama wako. Siwezi kuahidi malipo. Karatasi ya noti ni za nani naweza kuipeleka kwenye bodi ya kitivo, na nitaipeleka kabla ya mafunzo, si baada.

Fundi, la mwaka wa kwanza limeniingia. Ila mkuu wa kitivo ameshatangaza kwamba CAT ya kwanza ya somo lile la pamoja itafanyiwa kwenye mfumo, Jumatatu saa mbili asubuhi, wote kwa wakati mmoja. Ni karibu wanafunzi 900. Hilo linawezekana?

FundiWaSeva (Njoro)

Linawezekana kwenye hotuba. Kusoma noti watu huingia mmoja mmoja kutwa nzima. CAT ya saa mbili kamili ni watu 900 wanaogonga mlango mmoja dakika hiyo hiyo, na seva ndogo italala. Mpe mkuu wako njia ya kutoka bila aibu: CAT ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, ifungwe saa nne usiku, na kila mtu akishaanza awe na dakika 40. Kama ni lazima iwe Jumatatu asubuhi, wagawe kwa makundi, kila kundi na saa yake. Maswali yachotwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye hifadhi kubwa, ili atakayefanya mapema asiwe na cha kumuuzia wa jioni.

Waambie wanafunzi kwamba stima ikipotea wasikate tamaa. Moodle huhifadhi majibu yenyewe takriban kila dakika wakati mtu anafanya jaribio, kwa hiyo akirudi kabla ya muda wake kwisha anaendelea alipoachia. Asiporudi, mfumo unaweza kumkusanyia ulichonacho, mradi ile kazi ya nyuma iitwayo cron iwe inaendeshwa kila dakika. Waulize TEHAMA swali hilo moja tu: cron inaendeshwa kila baada ya muda gani? Wakijibu "tutaangalia", CAT isifanyike.

Na wiki ya tatu weka zoezi la maswali matano ya mzaha, lisilo na alama, wote wafanye. Utajua nani hawezi kuingia wakati bado ni mzaha.

TeacherWaBunyala

Fundi, na sisi wa mtandao wa kupanda juu ya kilima? CAT inaweza kufanywa ndani ya programu bila mtandao, kama noti?

FundiWaSeva (Njoro)

Inaweza, mhadhiri akiruhusu kwenye mipangilio ya jaribio. Unalipakua, unafanya, ukipata mtandao unatuma. Lakini jaribio la namna hiyo haliwezi kuwekewa kikomo cha dakika. Kwa hiyo kwenu ninyi ningeshauri maswali ya kufikiri badala ya kuchagua herufi, mpewe tangu Ijumaa hadi Jumapili, na vitabu wazi.