Mafundi wa mabati Unguja na Pemba, nani kawaambia msumari unapigwa bondeni?

Assalaam alaykum wadau.

Masika haijamaliza wiki, nyumba mpya zilizoezekwa wakati wa kaskazi zishaanza kuvuja, na fundi akiitwa anakuja na kopo la lami. Tumechoka! Lami si dawa ya kazi mbovu.

Nazungumzia bati la migongo midogo na msumari wa bati wenye kofia na mpira. Bati la msauzi la skrubu lina taratibu zake, tusichanganye. Msumari wa bati hili unapigwa juu ya mgongo, basi. Bondeni, yaani kati ya mgongo na mgongo, ndiko mvua yote ya paa inakoteremka. Ukitoboa pale umetoboa mfereji. Hoja yenu naijua: bondeni bati limelala juu ya papi (mbao za kupigilia bati), msumari unakaza na bati halibonyei. Kweli, na ndiyo maana mnapapenda, kazi inakwenda mbio. Lakini mpira ule unapigwa na jua kutwa, mwisho unakauka na kupasuka, na tundu la bondeni linabaki ndani ya maji. La mgongoni, hata mpira ukifa, maji yanakimbilia pembeni.

Mgongoni panataka mkono. Nyundo ikome pale mpira unapobanwa kidogo tu. Ukizidisha, mgongo unabonyea, maji yanatuama kuzunguka kofia ya msumari na mpira unachanika. Ukipunguza, upepo unalitikisa bati mpaka tundu linapanuka. Msumari uwe wa inchi mbili na nusu: kimo cha mgongo kinakula kama sentimita 2, zinabaki zaidi ya 4 za kushika papi ya inchi 2 kwa 2. Na msumari wa mbao uliovalishwa kipande cha tyubu ya baiskeli si msumari wa bati, msitudanganye.

Sasa idadi, maana hapa ndipo tunapoibiwa. Upepo hauling'oi paa katikati kwanza; unaanzia upenuni, kwenye kingo za ubavuni na karibu na kofia ya paa. Kwenye papi za upenuni na za juu kabisa, piga kila mgongo wa pili. Papi za kati, kila mgongo wa tatu. Bati la mita 3 lenye papi tano linakula misumari kama 20 na kitu. Mtu anapiga minane, iliyobaki anaondoka nayo, kusi ikivuma bati linapiga kelele usiku kucha na wenye nyumba hawalali. Hiyo ni kazi gani?

Kulalia, yaani bati moja kupanda juu ya jingine, pia mnakubana ili mabati yatoshe. Ubavuni, mgongo mmoja na nusu ndio wa chini kabisa, miwili ni bora. Bati la juu lilalie la chini sentimita 15, na paa likiwa bapa liwe 20 au zaidi. Anzeni kuezeka upande wa kaskazini mkielekea kusini, ili mdomo wa kila kilalio uupe mgongo upepo wa kusi. Wengi wanaanza pale ngazi ilipoegemea! Mvua ya kusi inaingia kwa ubavu, halafu lawama anatupiwa muuza mabati.

Kwa nyumba za ufukweni, Nungwi, Jambiani, Micheweni, chumvi haisamehe. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Namba ikipanda bati linapungua unene, msikubali kuambiwa kinyume. Msumari usiopakwa zinki unashika kutu kabla ya bati na kulichafua. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, si kwa grainda, maana cheche zinaunguza zinki, na chembe za chuma zikiachwa juu ya paa zinageuka madoa ya kutu. Mbao za dawa ziachwe zikauke kwanza: dawa ile ina shaba, na ikiwa mbichi inakula zinki ya bati na ya msumari. Tena mbao mbichi ikikauka inasinyaa, msumari unalegea.

Ambao mmeshatobolewa bondeni, msing'oe misumari mkaacha matundu wazi. Kila tundu lizibwe kwa ribiti (pini ya kubania bati) na silikoni, kisha msumari mpya upigwe kwenye mgongo wa jirani, juu ya papi ile ile. Gharama awe nayo aliyetoboa.

Na msilipe salio bila kukagua. Kabla dari haijapigwa, ingieni ndani saa sita mchana, fungeni milango na madirisha, tazameni juu. Kila nukta ya mwanga mnayoiona, mwiteni fundi aioneshe kwa kidole chake mwenyewe na aizibe mbele yenu.