AUSPOS, CSRS-PPP au OPUS kwa bikoni za Pemba?

mpimaji_wete: Assalaam alaykum. Bikoni 4 mpya (alama za upimaji ardhini) Konde, risiva ya GPS ya masafa mawili ya mawimbi, hakuna kituo cha marejeo karibu. Faili la RINEX (rekodi ya risiva) lipelekwe huduma ipi ya mtandaoni ya kukokotoa mahali: AUSPOS ya Australia, CSRS-PPP ya Kanada au OPUS ya Marekani? Saa 1 yatosha?

Bint Makunduchi: Waalaykum salaam. OPUS iache. Ile ya vipindi vifupi hutegemea vituo vya Marekani vilivyo jirani na antena, na huku havipo. AUSPOS hukokotoa kutoka vituo vya IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kudumu vya setilaiti; cha karibu ni MAL2, Malindi ya Kenya (si Malindi yetu ya Mjini), zaidi ya kilomita 200 kutoka Konde. Saa 1 inapokewa, ila kwa umbali huo iache risiva saa 4 hadi 6. CSRS-PPP haitaki kituo jirani, hutumia obiti za setilaiti na saa zilizofungwa ndani yake, kwa hiyo kwa saa 1 au 2 ndiyo bora. Urefu wa juu utakosea zaidi kuliko mlalo, kokote utakakopeleka.

tripodi: Mnabishana huduma, mimi naogopa antena. Aina yake ikikosekana ndani ya faili, urefu unaweza kukosea sentimita 10 hivi. Hakikisha pia umepima wima hadi chini ya antena, si mshazari hadi ukingoni. Kaa mbali na mikarafuu na mapaa ya mabati. Na maliza kabla ya magharibi: jua likishatua, ionosfera (tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme) ya ukanda huu huvuruga mawimbi na risiva hupoteza setilaiti.

mpimaji_wete: Ramani ya zamani iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa viwianishi. Yatalingana?

Bint Makunduchi: Hata, kaka. Utapishana kwa mamia ya mita. Simamisha risiva kwenye bikoni 3 za zamani zilizo salama, upate tofauti ya hapo hapo. TAREF11, mfumo wa marejeo wa Tanzania, nayo viwianishi vyake ni vya tarehe maalumu. Majibu huja kwenye ITRF (mfumo wa viwianishi wa dunia nzima) ya siku uliyopima, na ardhi yetu husogea karibu sentimita 3 kwa mwaka kuelekea kaskazini-mashariki. Miaka 10 ni sentimita 30.

tripodi: Ukihakiki kwa tepu, kumbuka UTM 37 Kusini, gridi ya ramani ya ukanda wetu: kilomita 1 ya ardhini hupungua kama sentimita 32 kwenye gridi huko Pemba, 36 hadi 39 Unguja. Usije ukailaumu AUSPOS bure.