Unyenyekevu wa Mwalimu Nyerere: hulka yake mwenyewe au kanuni aliyoiweka?

Mwanafunzi wa Historia
Shikamooni wakubwa zangu. Kila ifikapo Oktoba 14 husikia Mwalimu akisifiwa kwa unyenyekevu, na sifa zenyewe huishia kwenye mavazi yake na kile kifimbo. Nilizaliwa baada ya kifo chake cha mwaka 1999, kwa hiyo hayo nayajua kwa kusimuliwa tu. Ninampenda, na ninalisema mapema nisije nikadhaniwa nimekuja kuchokonoa. Ninachotaka kuelewa ni iwapo unyenyekevu ule ulikuwa hulka ya mtu mmoja, ambayo angezikwa nayo, au aliugeuza kuwa sharti lililombana yeye pamoja na wenzake.

Mwalimu Mstaafu, Morogoro
Marahaba, mwanangu. Mavazi tuyaache, maana kaunda suti hata mla rushwa aliishonesha. Anzia Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, huku wakilalamikia mishahara minono ya wakubwa. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, adhabu ambayo mimi naiona ilikuwa kali mno, lakini hapo hapo akatangaza kwamba mshahara wake mwenyewe unapunguzwa kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Baba yangu mdogo alikuwa ofisa wa ngazi ya kati serikalini, na nyumba yake ya kupangisha ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Ilisimama hapo hapo hadi majani yakaota juu ya matofali. Alinung'unika kila Krismasi, ila hakuweza hata mara moja kusema kwamba Rais anamkataza kitu ambacho yeye mwenyewe anakifanya.

Mkulima wa Korosho
Shikamoo, mzee. Nakubali kwamba hakujilimbikizia mali, lakini tusichanganye kutopenda mali na kusikiliza watu. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962, na katika Operesheni Vijiji huku kwetu Kusini watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, ikabaki kumezwa na vichaka. Mtu asiyetaka chochote kwa ajili yake ni vigumu sana kumwambia kwamba amekosea. Pamoja na hayo, bibi yangu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu, jioni kwa mwanga wa kibatari, katika darasa la elimu ya watu wazima, na hadi anakufa alitia sahihi yake kwa herufi kubwa zilizoegemea kushoto, akakataa katakata kuchovya dole gumba kwenye wino. Hilo nalo nalihesabu.

Binti wa Musoma
Kaka, hoja yako ni nzito na siipingi. Naongeza jambo moja tu kuhusu madaraka, ambayo naona ni kishawishi kikubwa kuliko fedha. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alimwachia Rashidi Kawawa uwaziri mkuu ili akaijenge TANU, na mwaka 1985 alimwachia urais Ali Hassan Mwinyi bila kulazimishwa na mtu. Neno lenyewe, kung'atuka, alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, akaliingiza katika Kiswahili, na tangu hapo hakuna rais wa Tanzania aliyepitisha muda wake. Kwa hiyo, ndugu mleta mada, kuachia madaraka kukawa kanuni kweli kweli. Miiko ya mali haikudumu: Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM iliilegeza kule Zanzibar, Mwalimu akiwa hai, na hakuficha kwamba hakupendezwa.

Mwanafunzi wa Historia
Nawashukuru nyote kwa kunifafanulia. Mzee wangu, na ile nyumba ya baba yako mdogo iliishia wapi?

Mwalimu Mstaafu, Morogoro
Iliezekwa mwaka 1992, mwenyewe akiwa amebakiza miezi michache kustaafu. Sasa ina wapangaji wanne.